Shawa Isiyouma

Jumamosi ile niliazima mashine ya kupimia kutoka kazini kwa sababu wiki nzima sikuwa nimelala vizuri, na kilichoninyima usingizi kilikuwa shawa ya nyumbani kwetu.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nina shahada ya uhandisi wa umeme, na nimepata kibarua kwa mkandarasi mmoja mwanamke ambaye sote tulimwita Madam. Tulikuwa tukipima nyaya za majengo mapya. Wiki hiyo tulikuwa Kapsoya, kwenye ghorofa lililokuwa bado linanuka rangi, na hapo ndipo Madam alinionyesha kwa vitendo kipimo ambacho chuoni nilikuwa nimekikariri kwa ajili ya mtihani tu.

“Stima ikitoroka kwa waya,” alisema, “ikashika bati ya friji ama bomba, lazima ipate njia ya kurudi kule ilitoka. Njia ikiwa rahisi, itapita kwa fujo, breka ishtuke, ikate. Njia ikiwa ngumu, inapita pole pole. Breka haioni kitu. Inakaa tu hapo kwa ukuta. Na bati inabaki na stima, ikingoja mkono wa mtu.”

Ugumu wa njia hiyo ndio tuliokuwa tukipima, kwa omu, na kila breka, yaani swichi inayojikata yenyewe stima ikizidi, ina kiwango cha juu ambacho haupaswi kuvuka. Kwa breka ya ampea thelathini na mbili, ya aina inayotumika kwa shawa, kiwango chenyewe hakifiki hata omu moja na nusu.

“Na ikizidi?” niliuliza.

“Ikizidi, hiyo breka ni pambo.”

Neno hilo lilinikaa kifuani. Mtu mwingine angeliandika na kuendelea na kazi, lakini mimi nikitupiwa jambo dogo huligeuza mpaka lijae chumba. Nilianza kuiona breka ya nyumbani kwetu Munyaka, nyeusi, imefunikwa na vumbi, na nikajiuliza ni nani aliyewahi kuipima. Kisha mama akapiga simu kusema shosho, bibi yangu mzaa mama, anakuja Jumamosi kutoka Moi’s Bridge. Angekaa kwetu miezi kadhaa akitibiwa magoti, na daktari alikuwa amesema maji moto yatamsaidia.

“Atakuwa anaoga kwa shawa kila jioni,” mama alisema kwa furaha. “Kule kwake si anajimwagia tu ya karai.”

Mimi niliwaza miguu ya shosho. Shosho havai patipati, zile ndara za mpira, bafuni. Aliwahi kuteleza nazo, akaanguka, na tangu siku hiyo huingia miguu mitupu, akisema anataka kuisikia sakafu. Sisi wengine tulikuwa tumelelewa na amri moja isiyoelezwa: usiingie kwa shawa bila patipati, na usishike bomba la chuma maji yakiwa yanamwagika. Nilidhani ni usafi. Kweli, mpaka nikafikisha umri wa kupewa shahada ya umeme, nilidhani ile ilikuwa habari ya usafi.

Nilipofika nyumbani mchana, shosho alikuwa tayari ameketi kwenye mlango wa jikoni na kikombe cha chai, taulo begani.

“Nimeambiwa maji iko,” alisema.

“Iko, shosho. Lakini ngoja kidogo nipime.”

“Upime maji?”

“Nipime stima.”

Alimgeukia mama. “Huyu ndiye alisoma mpaka akakonda hivi? Sasa anapima stima na nini, ratili?”

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Mimi sikucheka. Niliichomeka mashine kwenye soketi ya jikoni, ile iliyo kando ya friji, nikabonyeza. Ikafikiri. Kisha ikatoa namba: tisini na nne.

Nilidhani nimesoma vibaya, kwamba kuna nukta ambayo macho yangu yameiruka. Nikakisafisha kioo chake kwa shati. Nikabonyeza tena. Tisini na nne. Pale ambapo palitakiwa omu moja na kidogo, palikuwa na tisini na nne.

“Ni nyingi?” mama aliuliza.

Nilijaribu kufanya hesabu kichwani. Volti mia mbili arobaini, gawanya kwa tisini na nne. Ampea mbili na nusu. Stima ikitoroka ndani ya nyumba hii, kitakachopita kwenye njia ya kurudi ni nusu ya kile kinachotumiwa na pasi ya kawaida, na breka yetu ya thelathini na mbili ingekitazama kama mgeni wa heshima na kukiacha kipite. Mchana kutwa. Mwaka mzima.

“Mama,” nilisema, “breka zetu hazifanyi kazi.”

“Zinafanya. Si juzi ilianguka nikichomeka birika na pasi pamoja?”

“Hiyo ni ya mzigo mwingi. Mimi nasema mtu akipigwa.”

“Hakuna mtu amepigwa hapa.” Aliinua sufuria. Kisha akaongeza, kana kwamba anataja hali ya hewa, “Friji tu ndiyo huuma kidogo. Asubuhi na jioni. Mchana imetulia.”

Nikaitazama friji. Ni ya zamani, ina mshikio wa chuma, na mshikio huo umevalishwa kitambaa cha kufuma cha rangi ya machungwa. Nyumba yetu imejaa vitambaa vya namna hiyo, juu ya viti, juu ya televisheni, juu ya redio, hivyo sikuwahi kukishangaa hicho kimoja. Nikaweka kiganja changu juu yake. Kilikuwa kimekunjwa mara mbili, na ndani kimeshonewa kipande cha blanketi.

“Ulikifuma hiki kwa sababu friji inauma?”

“Sasa ningefuma kwa sababu gani, mshikio wa friji unasikia baridi?”

Shosho alisema, “Kwani stima yenu inapiga watu? Yangu hainipigi.” Yeye kwake ana taa mbili na redio.

“Hapa pia haipigi, mama,” mama alimjibu. “Usimsikize. Ile ilikuwa inapiga ni shawa, na ilitengenezwa. Sasa haiumi hata kidogo.”

Nilikwenda kwenye sanduku la breka, nikazima ya shawa, nikahakikisha imekufa, nikapanda stuli bafuni na kufungua kifuniko cha plastiki. Nilitaka kuona huko kutengenezwa kulikuwaje. Waya nyekundu ilikuwa mahali pake, nyeusi, ile ya nyutro ya kurudisha stima, mahali pake. Waya ya kijani, ile ya arthi, ambayo kazi yake yote duniani ni kuipa stima iliyotoroka njia ya kurudi, ilikuwa imekatwa. Haikuwa imekatika. Mtu alikuwa ameikata kwa koleo, akaikunja nyuma kwa unadhifu na kuizungushia utepe mweusi.

Nilimuita mama, akaja akifuta mikono.

“Nani alikata hii?”

“Fundi wa stima, yule wa kanisani. Tulimuita shawa ikiwa inauma. Akasema stima inakujia kwa hiyo ya kijani, ukiikata itaacha. Akaikata, ikaacha.” Alinitazama usoni, akaona kitu kilichomfanya aanze kujitetea. “Si ya kwetu peke yake. Alikatia na mama wa kona. Akakatia na wale wa karibu na geti. Plot yote iliitana, siku hiyo tulikuwa tunashukuru Mungu.”

Plot yote. Nyumba zilizopangwa mstari mmoja chini ya bati moja, zikitumia fimbo moja ya chuma ya arthi iliyochimbiwa nyuma ya choo, na katika kila bafu waya ya kijani imekunjwa na kufungwa utepe kwa shukrani.

Hapo nilifanya kile ambacho kila mwanafunzi wa umeme angefanya. Nilichukua kisu, nikautoa ule utepe, nikaanza kuichuna waya niirudishe. Kitabu kinasema waya ya arthi iunganishwe. Hakuna ukurasa unaosema vinginevyo. Nilikuwa nimeshika bisibisi tayari, na shosho amesogea mpaka mlango wa bafu, anauliza kama anaweza sasa kuvua gauni, nilipoamua kumpigia Madam kwanza. Sikuwa na shaka yoyote. Nilitaka tu mtu wa kunishangilia.

Alinisikiliza. Kisha akauliza, “Hiyo shawa ilikuwa inauma saa ngapi?”

“Asubuhi na jioni, nadhani. Kama friji.”

“Na mlikuwa mnaoga wakati huo nyinyi, ama mtu mwingine?”

Sikumwelewa. Sauti yake ikabadilika. “Sikiza. Usiunganishe hiyo waya. Umesikia? Weka bisibisi chini. Uende ile soketi ya jikoni, uweke hiyo mashine isome volti kati ya nyutro na arthi, na ungoje.”

“Ningoje nini?”

“Ungoje jirani aoge.”

Nilimwambia shosho apumzike kwanza. Alirudi kwenye kiti chake akinung’unika kwamba mahali hapa kuoga kuna foleni kama hospitali. Nikachuchumaa kando ya friji na mashine mkononi. Ilisoma volti mbili, tatu, kitu cha kawaida. Mama aliendelea kupika. Nilianza kujisikia mjinga, nikawaza labda Madam anakisia, labda mashine ni mbovu, labda mimi ndiye mbovu.

Kisha, jioni ikianza kuingia, nikasikia maji yakianza kumwagika upande wa pili wa ukuta.

Namba ikapanda. Haikupanda taratibu. Ilikuwa tatu, halafu themanini na saba. Maji yakikoma kidogo, labda mtu akijipaka sabuni, inashuka hadi tatu. Yakirudi, themanini na saba. Nilikuwa naangalia mtu akioga kwa namba. Ndipo nikaelewa. Shawa ya jirani ilikuwa inavuja stima ndani ya waya ya kijani. Fimbo iliyo nyuma ya choo ilikuwa dhaifu mno kuimeza, breka haikuwa na habari, kwa hiyo stima ikawa inatembelea nyumba zote zilizofungwa kwenye waya hiyo. Ilikuja mpaka kwenye friji ya mama. Kama ningeirudisha ile waya bafuni, kwa bisibisi yangu na shahada yangu, ingepita moja kwa moja mpaka kwenye maji yaliyokuwa yanamngoja shosho aingie miguu mitupu.

Jirani mwenyewe alikuwa ndani ya hayo maji wakati ule ule. Nilitoka mbio.

Jirani yetu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa heshima, wa tai hata wikendi. Niligonga mlango wake kwa ngumi zote mbili.

“Mwalimu! Zima shawa! Mwalimu, toka kwa maji!”

“Ni moto?” sauti ilitoka ndani.

“Ni stima! Usiguse bomba!”

“Kijana, sijawahi gusa hilo bomba miaka yote.”

Maji yalikoma. Baada ya muda mlango ulifunguka, na mwalimu akasimama mbele yangu, taulo kiunoni, povu masikioni, na miguuni amevaa gambuti nyeusi za kukamulia ng’ombe, zimemfika magotini. Watu wa plot walikuwa wameanza kutoka. Mama wa kona alisema, “Uuui, Mwalimu, unaenda shamba ama unaoga?”

“Naoga,” mwalimu alijibu bila haya. “Ukivaa gambuti haikuumi.”

“Kwa hivyo unajua inauma!” nilisema. Sauti yangu ilikuwa imepanda kuliko nilivyokusudia.

“Inauma kidogo. Tumezoea.”

“Na fundi hakukukatia waya ya kijani?”

Hapo alijinyoosha, na nilimwona alivyo darasani. “Nilikataa. Nafundisha sayansi mimi. Hiyo waya ni ya usalama, haikatwi. Nilimwambia fundi atoke na koleo lake.”

Katika plot nzima ni mwalimu peke yake aliyefuata kitabu, na shawa yake ndiyo iliyokuwa ikitupiga sote. Na kama angekubali ikatwe, sisi tungepona na yeye labda angekuwa amekufa, gambuti au bila gambuti, siku moja akiinua mguu kuusugua. Nilisimama pale nikizungusha hayo kichwani, yeye akinitazama na povu likimkauka, mpaka mkewe akasema kutoka ndani, “Injinia, muache avae nguo basi.”

Nilizima shawa zote za plot kwenye breka na kuwaomba watu wasiziwashe. Wengine waliguna. Mama wa kona alisema yake haiumi, kwa nini aadhibiwe kwa ajili ya Mwalimu. Shosho aliogea karai jikoni, mlango umefungwa, na nilimsikia akimwambia mama, “Huyu mtoto ana woga. Alizaliwa hivyo. Hata kuku alikuwa anaogopa.”

Madam alikuja Jumatatu na vijana wake, baada ya kuzungumza na mwenye plot. Walichimbia fimbo mpya mbili kwenye udongo ulio na unyevu karibu na bomba la maji, mbali na choo, na kuziunganisha. Nilipima tena nikitarajia kuona ile omu moja na kidogo. Ikasoma thelathini na moja. Nilihisi kama nitalia.

“Unataka nini?” Madam aliuliza. “Udongo ni udongo. Fimbo haitakupa omu moja hapa hata ukichimba mpaka jehanamu. Kile kiwango ni cha breka. Hapa breka hatuitegemei tena.” Akanionyesha kifaa alichokuwa amekifunga kwenye sanduku la kila nyumba, letu pia, ile swichi ya uvujaji ambayo mafundi huiita RCD. Hiyo haingoji stima ipite kwa fujo. Inalinganisha inayotoka na inayorudi, na ikipotea hata kidogo sana, inakata. “Kwa hii, thelathini na moja ni raha. Usibebe namba peke yake. Uliza kwanza ni nani analinda mlango.”

Shawa ya mwalimu ilitolewa ukutani. Chuma cha kupashia maji kilikuwa kimepasuka. Nyumba moja baada ya nyingine, waya za kijani zikarudishwa. Kwetu ilikuja mwisho. Madam mwenyewe alipanda stuli, akaiunganisha ile niliyokuwa nimeichuna, akafunga kifuniko. Shosho alikuwa mlangoni na taulo lake. Mama alikuwa amejaa fahari. Alikuwa amewaambia majirani wote kwamba ni mtoto wake aliyegundua.

“Washa,” Madam aliniambia.

Nilifungua maji, nikabonyeza swichi. Taa yake ndogo nyekundu iliwaka, na kabla sijaondoa kidole, kule kwenye sanduku kukalia *tak*, na nyumba ikawa kimya.

Nilidhani nimekosea swichi. Nikarudisha RCD, nikawasha tena shawa. *Tak*.

Madam, bado akiwa juu ya stuli, aliifungua ile shawa kwa mara nyingine, akashuka nayo, akaigeuza mikononi kuelekea dirishani. Chuma cha ndani kilikuwa na ufa mrefu, mwembamba kama unywele, na pembeni yake kutu ya kijani.

“Lakini hii haiumi,” mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Hii ndiyo haiumi.”

“Haiumi kwa sababu nyinyi mnavaa patipati,” Madam alisema. “Na kwa sababu waya ilikatwa, stima ilikuwa haina pa kwenda. Ilikuwa inangoja tu mtu mwenye miguu chini.”

Sote tuliitazama miguu ya shosho. Yeye pia aliitazama, pale kwenye sakafu ya simiti iliyolowa, vidole vimetawanyika. Mama alitoka nje na sikumsikia akirudi kwa muda mrefu. Nilifikiria ile Jumamosi. Kama nisingekuwa na woga, kama mtandao ungekuwa mbaya, kama Madam asingeshika simu, kama ningesema tu haya shosho, ingia, maji iko. Niliifikiria kwa kila upande na kila upande uliishia kwenye sakafu ile ile.

Siku chache baadaye tulifunga shawa mpya. Niliijaribu mwenyewe kwanza, kisha nikabonyeza kile kitufe cha majaribio cha RCD mpaka mama akanikataza, akasema nitakiharibu. Jioni hiyo shosho aliingia bafuni, akafunga mlango, na mimi nikasimama nje, mkono juu ya swichi kuu, nikisikiliza. Maji yalianza. Niliyahesabu mapigo ya moyo wangu nikapotea, nikaanza upya.

“Nani anapumua hapo nje?” shosho aliuliza kutoka ndani.

“Ni mimi, shosho.”

“Unataka nini?”

“Hakuna. Maji iko sawa?”

“Iko moto.” Maji yaliendelea kupiga simiti. “Nenda ukakae. Siwezi oga na mtu kwa mlango.”

Nilisema sawa. Nikavua viatu nisisikike, nikabaki pale pale mpaka alipofunga maji.